Mwaka Tulioanza Kumwita Mama Ciru

Ciru alinipigia simu mama yake hata hajapoa. "Anti Ndinda," akasema, "wewe ndiwe utasoma historia ya Mama. Una ile sauti." Sikubisha. Sauti ninayo kweli, na katika vitu nilivyotoka navyo ujanani ndicho pekee ambacho hakikukwaruzwa. Nikatoka Machakos na kibeti changu na kitenge cha kubadilisha, nikafika Umoja, na nusura nipotee, maana nyumba niliyoijua ilikuwa chumba kimoja na kibaraza, na sasa ni ghorofa nne, chini kinyozi na duka la simu, juu nguo za wapangaji zimeanikwa kila dirisha. Sebuleni kamati ya mazishi ilikuwa imekaa kwenye viti vya plastiki, chai imemwagika kwenye sinia, mkate umekauka pembeni. Ciru akanikumbatia, akanipa ile karatasi ya mazishi, ya rangi, picha ya mama yake mbele amefunga kitambaa cha akina mama wa kanisa. Nikaisoma kimya nikiwa bado nimesimama. Alizaliwa. Aliolewa. Aliokoka. Alifanya biashara katika soko la Burma. Halafu mstari huu: "Mungu alimjalia watoto wawili, Wanjiru na Njuguna." Wanjiru ndiye huyu Ciru. Nikaurudia mstari. Nikageuza karatasi, labda wengine wameandikwa nyuma. Nyuma kulikuwa na nyimbo.

"Ciru," nikamwambia polepole, "na Kamau je?"

Mweka hazina wa kamati akaacha kutafuna. Ciru akainama akaokota kijiko ambacho hakikuwa kimeanguka popote pa maana. "Anti, Kamau alijitoa mwenyewe kwa hii familia. Alituacha na njaa, akaenda zake Mombasa, hata barua hakuandika. Miaka arobaini na zaidi, Anti! Mama ameugua, hakuja. Mama amekufa, hakuja. Mimi simwandiki." Nikaketi. Wakanipa chai. Nikainywa ikiwa moto vile vile, ulimi ukaungua, na katika kuungua kule nikajua kwamba mtoto huyu, ambaye sasa ana mvi na miwani, hajui. Mazishi yalikuwa kesho.

Mwaka wa themanini na mbili nilikuwa na miaka ishirini, na nilikuwa mtu wa furaha, nasema ukweli. Shule niliachia darasa la saba, lakini nilikuwa na hakika kwamba siku moja nitasoma taarifa ya habari redioni. Nilikuwa nikigeuza nyama kwenye moto huku natangaza: "Msikilizaji mpendwa, mbavu za meza ya tatu ziko karibu kuiva." Wateja wa Burma walicheka, wengine wakaongeza oda. Kibanda kilikuwa cha Mama Kamau, mjane wa Kikuyu mwenye mikono mipana na maneno machache, kimeegemea bucha ya watu wengine: sisi tulichoma, tukapika ugali, tukauza supu ya kichwa. Nilifanya kazi kwake na kulala kwake. Kamau, mwanawe wa kwanza, alikuwa fundi seremala, mrefu, anacheka kabla ya kusema, na ndiye aliyenipa jina la Mtangazaji. Kila jioni akipita kibandani kumsaidia mamake kubeba sufuria alisema, "Niaje, Mtangazaji? Dunia inasemaje leo?" Nami nikamtungia habari: waziri amemeza mfupa, mbuzi amechaguliwa diwani. Alizisikiliza zote kana kwamba ni kweli.

Mwaka wenyewe ulianza vibaya. Januari hata haijachangamka, wachuuzi wawili wa nyama walipigania mteja mbele ya kibanda chetu, mmoja akamvuta mteja mkono huu, mwingine mkono ule, mteja akachoropoka akakimbia, wakabaki wao kwa wao. Nilidhani watatukanana tu kama kawaida. Mmoja akainua shoka la kukatia mifupa. Mwingine akaweka mkono kujikinga, juu ya gogo lile lile la kukatia, na shoka likashuka. Kidole kilianguka katikati ya vipande vya matumbo na hakuna aliyekijua ni kipi mpaka mwenyewe alipokionyesha. Mama Kamau akavua aprani yake, akamfunga yule mtu mkono mpaka kiwiko, akamsukuma kwenye mkokoteni apelekwe hospitali, akarudi kwenye chungu. "Nani alikuwa hajapata supu?" akauliza. Jioni Kamau alipohadithiwa alisema, "Mwaka umeanza na nyama, mathee." Mama akamrushia kitambaa cha kufutia meza. Kisha tukafunga kibanda tukaenda nyumbani.

Nyumbani ni pale Umoja. Chumba kimoja kilichojengwa na wenye mradi, na pembeni Kamau alikuwa ameongeza chumba cha mbao zilizobaki kazini, kila ubao una rangi yake. Kitanda kikubwa alikitengeneza yeye, kirefu kutoka chini kiasi kwamba Ciru, aliyekuwa na miaka sita, alikuwa na nyumba yake nzima huko chini, na wanasesere wa magunzi na kopo la chai. Njuguna alikuwa bado mgongoni. Tulikula githeri, mahindi na maharage, siku za kawaida, na siku Burma ikiwa imelala tulikula matumbo yaliyobaki, na Kamau aliyakata vipande sawa sawa kama mbao. Ukuta kati yetu na jirani ulikuwa mwembamba. Jirani alikuwa Baba Mutua, karani, Mkamba mwenzangu, mtu wa shati jeupe na kalamu mbili mfukoni, na alimpiga mkewe kwa mshipi. Tulisikia kila kitu: chuma cha mshipi kikigonga kitanda, na baadaye sauti yake akimwomba mke amwekee maji ya kuoga. Mama Kamau alikuwa akiongeza sauti ya redio. Mimi nilikuwa nikiimba. Ndivyo watu wa ploti walivyofanya.

Kamau hakuimba. Mwezi wa tano, asubuhi ya Jumamosi, akamngojea Baba Mutua penye bomba la maji, watu wote wamepanga ndoo. "Baba Mutua," akasema akicheka kama kawaida yake, "ule mshipi wako niazime nijaribu." Baba Mutua akamwambia, "Wewe mtoto, nenda ukanyonye." Kamau akampiga ngumi moja. Moja tu, lakini ilikuwa ya mtu anayepiga randa kutwa. Baba Mutua akaangukia ndoo za watu, maji yakatapakaa, akainuka mdomo umejaa damu, akatema jino kiganjani akalitazama. Hakupiga kelele. Alilifunga kwenye leso, akaitia mfukoni na zile kalamu, akasema mbele yetu sote, "Kamau wa Mama Kamau. Nitakulipa. Hata ikichukua miaka." Tangu siku hiyo nyumba zetu mbili hazikusalimiana kwenye bomba. Baba Mutua akienda kuteka maji, Mama Kamau anageuza mgongo. Wakapigania foleni, wakapigania kamba ya nguo, wakapigania takataka ni za nani. Na mshipi, sitadanganya, ulinyamaza kwa muda, kisha ukaanza tena, chini chini.

Halafu ikaja Jumapili ile ya Agosti. Mimi ndimi niliyefungua redio, kwa sababu Jumapili nilipenda kuwasikiliza watangazaji na kurudia nyuma yao. Badala ya salamu za asubuhi kulikuwa na muziki wa kijeshi, na sauti nisiyoijua, inayohema, ikisema serikali imepinduliwa. Nilirudia nyuma yake kwa mazoea, "serikali imepinduliwa," kwa ile sauti yangu nzuri, na Mama Kamau akanipiga kofi la mdomo. Ndipo nikasikia bunduki upande wa Eastleigh. Sio kama sinema. Ilikuwa kama mtu anapasua mbao nyingi kavu, mbali, bila kupumzika. Mama akafunga mlango akauegemezea kitanda. Kamau akakiondoa kitanda. "Mathee, naenda kuchungulia tu, narudi." "Kamau!" "Nachungulia tu!" Akahepa.

Mimi pia sikukaa ndani. Nilikuwa na miaka ishirini. Nilimfuata mpaka barabara ya Outer Ring na huko nikaona mji umefunguka kama gunia lililopasuka. Watu walikuwa wanarudi kutoka madukani wamebeba majora ya vitambaa, redio, mitungi, mmoja amebeba kiti cha daktari wa meno. Wanacheka, wengine wana matawi mkononi ya kuonyesha wako upande wa waliopindua. Wanawake wawili walipita wamejifunga shuka moja, nguo zao zimechanwa, hawakuwa wamebeba chochote na hawakuwa wakicheka, na hakuna aliyewasimamisha kuwauliza. Mwanamume mmoja alipita na godoro kichwani, kubwa, jipya, bado limo kwenye nailoni, akanisalimia kwa furaha, "Sasa, msupa! Leo nalala kizungu!" Lori likaja kwa kasi. Sijui nani alikuwa ndani, wale waliopindua au wale waliokuja kuwapindua; nguo zilifanana. Wakapiga risasi mara chache bila kusimama. Yule mtu akaketi chini, godoro likamfunika, na watu wakapita pembeni wakidhani amepumzika, mpaka damu ilipoanza kujaa ndani ya nailoni, ikakaa pale kama maji kwenye mfuko wa samaki. Nilikimbia. Nyuma yangu, nikageuka mara moja, watu wawili walikuwa wanamvua lile godoro.

Kamau alirudi adhuhuri. Hakuwa na jora wala redio. Alikuwa na viatu vya mtoto, vyeupe, vya ngozi, vina kifungo cha kung'aa. "Za Ciru," akasema. "Za kanisani." Ciru akavikumbatia kabla mtu hajasema kitu, akaingiza mguu mmoja, akaingiza wa pili, akalia. Kamau akapiga magoti avitazame. Vyote viwili vilikuwa vya mguu wa kushoto. Alikuwa amevitoa kwenye dirisha la duka la viatu lililovunjwa, na huko dirishani hupanga mguu mmoja mmoja. Alicheka mpaka akaketi sakafuni. Mama Kamau hakucheka. Alichukua mwiko akampiga nao mgongoni, kichwani, mikononi, mwiko ukavunjika akaendelea na kipande. "Nimezaa mwizi! Miaka yote nachomeka kwa moto wa Burma ndio nizae mwizi!" "Mathee, kila mtu—" "Wewe ni kila mtu?" Akavinyang'anya vile viatu, akavizika ndani ya gunia la makaa. "Mambo yakitulia vitarudi kwa mwenyewe. Na wewe ndiye utakayevirudisha, mchana, watu wakiona."

Hakukupatikana nafasi. Serikali ikarudi redioni, na baada ya siku chache wakaanza kuingia mitaani nyumba kwa nyumba, wanaume wenye bunduki, wakiuliza risiti. Kila kitu kipya, risiti. Habari ilitangulia kutoka mtaa hadi mtaa, na Umoja nzima ikaanza kutupa vitu nje. Mitaro ilijaa vitambaa. Mtu alitupa meko. Lakini kilichonishangaza ni walivyotupa hata vyao. Nani hukaa na risiti ya blanketi alilonunua Krismasi? Nilimwona Baba Mutua mwenyewe, mtu mwoga wa sheria ambaye sidhani aliwahi kuiba hata kiberiti, ametoka na redio yake kubwa aliyoinunua kwa mshahara wa miezi mingapi sijui, akaitazama, akaivunja kwa jiwe na kuisukumia mtaroni. Mkewe akasimama mlangoni anamtazama. Ilikuwa mara ya kwanza kumwona akitabasamu.

Walifika kwetu asubuhi. Wanaume wote wa safu yetu wakalazwa kifudifudi kwenye njia, mikono kisogoni, na askari mmoja akawa anatembea juu yao, si kwa haraka, juu ya migongo, kama anavuka mto kwa mawe. Kamau alikuwa bado ndani, anavaa. Mama akamsukuma Ciru chini ya kitanda. Waliingia watatu. Walipasua godoro, wakamwaga unga, wakapiga ukuta wa mbao wa Kamau kwa kitako cha bunduki mpaka ubao wa bluu ukavunjika. Mmoja akalipiga teke gunia la makaa. Viatu vikatoka, vyeupe vyenye masizi.

"Risiti."

 Mama Kamau alikuwa na Njuguna mgongoni na mkono mmoja umeshika meza. Nilijua tayari, sisi sote tulijua kutoka mitaa mingine, kwamba nyumba ikipatikana na kitu hawachukui mtu mmoja, wanachukua kila aliye mkubwa, na kilichowapata wanawake waliochukuliwa kilikuwa kimetufikia kwa minong'ono. Kamau alinitazama, akamtazama mamake, akatabasamu kidogo. Kisha akanyoosha mikono.

"Ni zangu, afande. Nimeingia hapa kujificha. Nimezifukia mimi. Huyu mama simjui."

Kitako cha bunduki kikamwingia mdomoni. Nilisikia meno. Akashuka magotini, wakampiga akiwa pale chini, mabegani na mbavuni, na kila pigo kitanda kilitikisika kwa sababu alikuwa amekishika mguu. Yule mkubwa wao akamgeukia Mama. "Mama. Huyu ni kijana wako?"

Nimeisikia sauti yake mara nyingi tangu hapo. Haikupanda wala haikushuka. Ilikuwa ile sauti ya kuuliza nani hajapata supu.

"Simjui."

Yule askari hakuridhika. Akatoka mpaka njiani, sisi tukisukumwa nyuma yake, akasimama juu ya wale waliolala. "Jirani wa nyumba hii ni nani?" Baba Mutua akainua kidole kutoka kisogoni. Shati lake jeupe lilikuwa na alama za buti. Askari akamwinua kwa kola. "Huyu mama anaitwa nani?"

Mtaa mzima ulimwita Mama Kamau. Watoto walimwita hivyo, mwenye duka, mchungaji, mimi. Hakuwa na jina jingine mtaani, na askari akilisikia angeuliza Kamau ni yupi. Na pale mbele yake alikuwa Kamau, amelegea mikononi mwa askari wawili, damu inamtiririka kidevuni, na yeye Baba Mutua akifungua mdomo lile pengo lilikuwa wazi, mahali Kamau alipoling'oa jino lake. Alimtazama Kamau. Sijui alimtazama kwa muda gani. Nimekaa na ile nafasi miaka mingi sana hivi kwamba siwezi tena kuapa ilikuwa fupi au ndefu.

"Huyu," akasema Baba Mutua, "anaitwa Mama Ciru."

"Ana watoto wangapi?"

"Wawili. Kasichana, na huyo wa mgongoni."

"Na huyu mwizi?"

"Sijawahi kumwona hapa."

Akapigwa kofi kwa kutazama sana, akarudishwa chini. Wanaume wengine waliokuwa wamelala wakasikia, na akina mama waliokuwa milangoni wakasikia. Askari akamuuliza mwingine, mwenye duka, "Mama nani huyu?" "Mama Ciru, afande." Na mwingine. "Mama Ciru." Walilipitisha kutoka mdomo hadi mdomo na hakuna aliyekosea. Wakamburuta Kamau kuelekea lorini. Mmoja aliyebeba viatu akavitazama, akaona vyote ni vya kushoto, akacheka, akamwonyesha mwenziwe, wakacheka wote, kisha akamtia Kamau vile viatu mikononi, "Shika mali yako, mjinga," na kumpiga tena. Kamau akaondoka amevishika. Hakugeuka. Naamini alijizuia kugeuka, maana mtu hageuki kumtazama mama asiyemjua.

Jioni redio ikasema hali ni shwari. Ilisomwa na mtangazaji niliyempenda kuliko wote, kwa ile sauti yake ya maziwa, na mimi sikurudia nyuma yake.

Mama Kamau alinichukua twende naye chumba cha maiti cha mjini, mara tu mtu alipoweza kutembea barabarani. Kulikuwa na watu wengi nje wameziba pua kwa leso. Ndani walikuwa wamelazwa hata sakafuni, wawili wawili, kichwa kwa miguu, wengine uchi, wengine bado wana matawi yamekwama kwenye mishipi. Mhudumu alikuwa mtu mchovu mwenye buti za mpira. "Unatafuta nani, mama?" "Mtu." "Jina?" Mama akatazama ukuta. Mlangoni pale kulikuwa na watu wawili wa serikali waliokuwa wakisikiliza kila jina linalotajwa. "Jina, mama. Siwezi kutafuta bila jina." "Sina jina," akasema. "Wacha nitazame tu." Yule mhudumu akatuacha tupite. Alitazama kila uso. Alipofika kwa aliyeharibika uso alitazama mikono, maana mikono ya seremala haijifichi. Hakuwemo. Tulirudi Umoja kwa miguu, na karibu na nyumbani akasimama akanishika bega. "Kuanzia leo mimi ni Mama Ciru. Kamau alienda Mombasa kutafuta kazi. Umesikia?" Nikasema nimesikia. Ciru alipopewa habari aliruka ruka. Aliwaimbia watoto wengine kwenye bomba, "Mama ni wangu! Mama ni wangu!" Na kwenye bomba lile lile, mwezi haujaisha, Mama na Baba Mutua walikuwa wameshaanza tena kugombana juu ya foleni. Hawakuwahi kutajiana siku ile. Mimi niliondoka Disemba.

Nimewahi kusoma kitabu kuhusu Agosti ile. Mwanangu alikileta nyumbani, nami nikakisoma chote, polepole, kwa elimu yangu hiyo ndogo. Nilijifunza mengi. Nikajua ni nani alipanga, nani alichelewa, nani alitoroka, lori gani lilipita wapi. Sikuona uongo ndani yake. Nilitafuta Umoja, nikaipata mara moja, kwenye orodha ya mitaa iliyopekuliwa, kati ya mkato na mkato. Sikukasirika. Mwenye kitabu angemuuliza nani? Angekuja mpaka mlangoni kwetu angeambiwa na mtaa mzima, kwa nia njema, kwamba hapa anaishi Mama Ciru na watoto wake wawili.

Basi siku ile ya kamati nilimngojea Ciru jikoni. Alikuwa anamenya viazi na akina mama. Walipotoka kuchota maji nikafunga mlango nikamwambia. Nilimwambia kama nilivyoandika hapa, labda kwa maneno machache zaidi. Alimenya kiazi kimoja wakati wote, akakimenya mpaka kikawa kama njugu.

"Nakumbuka ile siku," akasema. "Nilikuwa chini ya kitanda. Niliona miguu yake. Nikatambaa mpaka mlangoni, nikamwona anaondoka na viatu vyangu. Anti, nimemchukia kwa vile viatu. Nilidhani wamemwachia, akaenda kumpa mtoto mwingine."

"Aliondoka navyo kweli."

"Na Mama nilimsikia akisema hamjui. Nikajua ni hasira, kwa sababu ameiba. Mimi mwenyewe watoto wangu wakikosa huwaambia hivyo. 'Toka hapa, sikujui.' Nilidhani ndivyo—" Akasimama. Kisha akanipiga. Kofi la mkono wenye maji ya viazi, kwenye shavu, kwa nguvu zake zote, na la pili. "Miaka yote! Ulikuja harusi yangu! Ulikula keki!" Nilimwacha anipige. Nilipomshika mikono ilikuwa baridi. Tukakaa chini kwenye maganda, yeye analia kwa sauti ya mtoto, mimi shavu linawaka. Mlango ukagongwa. Akajifuta na aprani.

"Karatasi zimeshachapishwa," akasema. "Watu wameshagawiwa. Na Mama mwenyewe alisema wawili. Mimi ni nani nimsahihishe Mama kwenye jeneza lake? Soma ilivyo."

Nikasoma ilivyo. Tulimzika Murang'a, kwenye shamba la mumewe, jua kali, watu wengi, hema mbili. Nilisimama nikasoma kwa sauti yangu ile yote. Alizaliwa, aliolewa, aliokoka. Nilipofika kwenye "watoto wawili" sauti haikutetemeka, nilihakikisha. Watu wakasema amina. Wimbo, mahubiri, wimbo. Jeneza likashushwa. Mchungaji akatupa udongo wake, kisha akakunjua karatasi akasema kama wanavyosema siku zote, "Sasa watoto. Kifungua mimba atangulie."

Ciru alisogea mpaka ukingoni mwa kaburi na kusimama. Hakuinama. Alikunja mikono mbele, kama mtu aliye kwenye foleni nyuma ya mwingine. Njuguna akamgusa kiwiko, hakutikisika. "Wanjiru," mchungaji akasema kwa upole, "kifungua mimba hutangulia." Ciru akatikisa kichwa. Watu wakaanza kunong'ona chini ya hema, mzee mmoja akakohoa, vijana wa koleo wakatazamana. Alisubiri muda ule ule ambao mtu mrefu, mwenye mbavu zilizovunjika, angehitaji kuinama, kuokota udongo, kuushika kidogo mkononi, na kuuachia.

"Ameshatupa," akasema. Ndipo akainama. "Sasa ni mimi."